Hayo masaa 16 ni ya nani?

Kuna aina ya posti inanikeranga sana. Msee anachukua ramani, anavuta mstari mmoja mwekundu kutoka Eldoret mpaka New York, anaandika chini: kilomita 11,570, masaa 14, dunia ni kijiji. Halafu komenti zinajaa moto na vikopa. Dunia ni kijiji ya nani, bana? Mimi naishi Kaptagat. Kutoka hapa mpaka Eldoret mjini ni kama kilomita 25 na matatu haiendi mpaka ijae. Hiyo kwa mstari wako mwekundu iko wapi?

Sisemi hizo namba ni uongo. Kilomita ni sawa kabisa. Dunia ni mviringo, kompyuta inachukua sehemu mbili, inapima njia fupi zaidi juu ya huo mviringo, inakupatia jibu. Shida iko kwa masaa. Hayo masaa hakuna mtu ameyapima kwa ndege. Ni hesabu ya darasa la saba: umbali ugawanye kwa mwendo wa ndege kubwa, kama kilomita 850 kwa saa, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Hawakuuliza kama kuna ndege inaenda njia hiyo. Hata ukiuliza masaa kutoka Iten mpaka Kisiwa cha Pasaka utajibiwa bila aibu.

Na watu wazima wanapanga maisha kwa hizo namba. Hiyo ndio inanifanya niandike leo.

Kugo wetu alipofariki, senge yangu, yaani dada ya babangu, alikuwa Minnesota. Anafanya kazi ya kutunza wazee huko, wengi wenu mna mtu kama yeye. Familia ikakaa kupanga. Mochari inahesabu kila siku, tenti na viti vina watu wengine wanaongoja, pasta Jumamosi ana mazishi mengine. Mzee mmoja wa ukoo akatoa simu, akaandika Minneapolis na Nairobi, akasomea kikao: kilomita 13,100, masaa 16. Akasema, “Huyu akitoka Jumatano jioni, Alhamisi usiku analala hapa.” Kikao kikapitisha Ijumaa. Hakuna mtu alikuwa na ubaya. Namba ilikuwa kwa simu, na namba ikiwa kwa simu inakaa kama imetoka kwa serikali.

Sasa sikia ilivyoenda kweli. Nitatumia saa za kwetu usichanganyikiwe. Alitoka nyumbani kwake Jumatano saa tatu usiku, huko ilikuwa saa saba mchana. Ndege ikapaa saa sita usiku. Chicago, ngoja masaa matatu. Chicago mpaka Doha, masaa kumi na tatu na nusu ukiwa umekaa kwa kiti kimoja unajua babako amelala kwa friji. Doha akafika Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na ndege ya Nairobi ni saa saba na nusu usiku. Masaa saba na nusu kwa benchi. Hapo ndipo alituma ujumbe kwa grupu ya familia: mnaweza ngoja mpaka Jumamosi? Nakumbuka vile hiyo grupu ilinyamaza. Baadaye mtu akaandika tu kwamba tenti zimeshalipiwa.

Alitua Nairobi Ijumaa saa moja asubuhi. Pasipoti, mabegi, foleni. Ndege ya Eldoret ya asubuhi ilikuwa imejaa, ya mchana ingemfikisha jioni, akachukua gari. Saa nane mchana jeneza likishuka yeye alikuwa anapita Timboroa, anaangalia kwa simu, mtandao unakatika kila kona. Alifika saa kumi. Mchanga ulikuwa umeshafunika na vijana walikuwa wanapakia viti kwa lori.

Piga hesabu: masaa 43 kutoka mlango mpaka mlango. Hewani alikuwa 20 na nusu peke yake. Zaidi ya nusu ya safari ilikuwa kungoja, kupanga foleni na kukaa kwa gari. Na njia yenyewe ilikuwa zaidi ya kilomita 15,300, sio 13,100, kwa sababu hakuna ndege inaruka moja kwa moja Minneapolis mpaka Nairobi. Haipo. Yale masaa 16 ni ya ndege ambayo haijawahi ruka.

Najua mtu atakuja na ile ya New York. Sawa, hiyo ipo na ni safi. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways walianza kuruka Nairobi mpaka New York bila kusimama, Dreamliner ya watu 234, karibu kilomita 11,800. Kuenda ni kama masaa 15, kurudi kama 14, kwa sababu huko juu upepo mkubwa unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukirudi nyumbani unakusukuma mgongoni. Lakini angalia mahali inaanzia. Ukiwa Kaptagat, hiyo safari ya masaa 15 inaanza na siku nzima ya kuteremka Nairobi, ama ndege ya kama dakika 50 ambayo ukiongeza kufika mapema na kungoja ile kubwa ya usiku, siku imeisha vile vile.

Halafu kuna saa ya mwili. Watu hawaihesabu kabisa. Hapa kwetu tungefaa kuijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu tunaishi na wakimbiaji. Unaamka asubuhi, unapishana nao kwa barabara ya vumbi, kundi la thelathini na zaidi, hakuna anayebonga. 2019 Eliud Kipchoge alipotaka kukimbia marathoni chini ya masaa mawili, wale waliopanga ile mbio wangeweza kuchagua mji wowote duniani. Walikuwa na pesa, walikuwa na wanasayansi. Wakachagua Vienna. Mji uko tambarare, hewa ya Oktoba ni poa, na moja ya sababu walizotaja waziwazi ni kwamba saa ya Vienna na ya Kaptagat zinatofautiana kwa saa moja tu. Mwili hauhitaji kujifunza upya wakati wa kulala. Tarehe 12 Oktoba akakimbia 1:59:40, dunia nzima ikaona.

Vienna ni kama kilomita 5,600 kutoka Eldoret, sio karibu. Lakini ni kaskazini, na ukienda kaskazini ama kusini jua linakufuata. Ukienda Boston mwezi wa nne unaachana nalo kwa masaa saba. Unashuka kwa ndege saa tisa mchana, mwili unasema ni saa nne usiku, na watu wanakutaka ukule, uongee, utabasamu. Kwa hivyo mtu akiniuliza Boston ni mbali kiasi gani, siwezi jibu kwa kilomita peke yake.

Sasa swali ambalo kila mtu wa huku amewahi kujiuliza akiona ile alama ya uwanja wa ndege kwa barabara ya Kisumu: si tuko na uwanja wa kimataifa? Mbona tusipandie hapa?

Uwanja wa Eldoret ulifunguliwa 1997, enzi za Moi, na wengi walisema wakati huo ni uwanja wa siasa. Njia yake ya kurukia ni mita 3,500. Hiyo si ya mchezo, kwa makaratasi inatosha ndege kubwa sana. Lakini uwanja uko zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Na hapa ndipo naipenda hii stori, kwa sababu adui ni rafiki yetu. Kaptagat iko kama mita 2,400. Kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni karibu robo chini ya ile ya Mombasa. Mwili ukizoea, unaongeza seli nyekundu za damu za kubeba hiyo oksijeni kidogo, na ukiteremka kukimbia Berlin ama London una faida. Hiyo hewa nyembamba ndio imeleta wazungu wenye saa za bei na viatu vya rangi kukaa huku kwetu miezi mitatu mitatu.

Ndege nayo haijui kuongeza seli nyekundu. Bawa linainuliwa na hewa, injini inakula hewa. Hewa ikiwa nyembamba, ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi ndio iinuke, na injini iko na nguvu kidogo ya kufikia huo mwendo. Kwa hivyo inakula njia ndefu, na bado inapanda polepole. Mchana kukiwa na jua inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu hewa ya joto inapanuka na kuwa nyembamba hata zaidi. Suluhisho la rubani ni moja: punguza uzito. Na uzito wa safari ndefu ni mafuta. Dreamliner ndogo, ile 787-8, tanki zikijaa inabeba karibu tani 100 za mafuta, na uzito wake wote wa juu kabisa wa kupaa ni kama tani 228. Karibu nusu! Ukipunguza mafuta hufiki New York. Ukipunguza watu, hakuna anayelipa hiyo ndege.

Kama unadhani natunga, angalia Addis Ababa. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300, juu kuliko wetu. Ethiopian ndio shirika kubwa zaidi Afrika, wana ndege za kila aina, na bado ndege zao za kwenda Washington zimekuwa zikisimama njiani kuongeza mafuta, mara Dublin, mara Lomé. Kurudi? Moja kwa moja. Washington iko chini karibu na bahari na upepo uko mgongoni. Mji ni ule ule, umbali ni ule ule, safari mbili tofauti kabisa.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuja na kipaza sauti akisema tutarefusha uwanja na mtakuwa mnaruka Eldoret mpaka Amerika, mimi siwezi piga makofi. Kurefusha kunasaidia, sikatai. Lakini hakuongezi hewa, na hakukulipii viti 200 kila usiku. Unaahidiwa kitu ambacho hata Addis yenye shirika lake na mamilioni ya abiria inakipata kwa shida.

Lakini hapa ndio moto wangu uko. Tumebishana sana juu ya Amerika mpaka tukasahau kilicho karibu. Nilikaa chini nikapima. Doha mpaka Nairobi ni kama kilomita 3,350. Doha mpaka Eldoret ni kama 3,280. Umeona? Sisi ndio wa karibu. Dubai vile vile, Eldoret ni karibu kuliko Nairobi kwa kama kilomita 50. Addis mpaka Nairobi ni kilomita 1,160 hivi, mpaka Eldoret ni kama 1,030. Upande wote wa kaskazini dunia inatufikia sisi kwanza, halafu tunaambiwa tuteremke Nairobi tuje tupande tena kwa barabara ya Mai Mahiu.

Na ndege kutoka Ghuba zinatua Eldoret. Zimekuwa zikitua miaka mingi, zimejaa mizigo: simu, spea, nguo. Ile simu unayosomea hii posti pengine ilitoka Dubai na ikashuka kilomita chache kutoka kwenu bila kupitia Nairobi. Senge yangu angekuwa boksi la simu angefika mazishi ya babake.

Sijaandika hiyo kuchekesha.

Na usiniambie hewa. Hiyo hesabu ya hewa inakula safari ndefu. Kuenda Addis ni kilomita elfu moja, ndege ya kati yenye watu mia moja na kitu inabeba mafuta kidogo tu kwa hiyo, asubuhi ama usiku kukiwa na baridi inapaa vizuri. Na tukiongea Addis, tunaongea na marubani ambao uwanja wao wa nyumbani uko juu kuliko wa Eldoret. Hewa nyembamba ni chai yao ya asubuhi. Shirika lao linatua Nairobi, linatua Mombasa. Dubai ni kilomita 3,500, ni ngumu kidogo lakini si muujiza. Hata 2019 Kipchoge kuenda Vienna aliondokea Eldoret kwa ndege ya kibinafsi. Najua, ni ndege ndogo ya watu wachache na tajiri ndiye alilipa. Lakini alipandia hapa hapa, kwa hivyo inawezekana kuondokea huku kwetu.

Kizuizi cha kweli ni watu na pesa. Shirika la ndege halitui mahali kwa sababu tuna uchungu. Linataka kujua viti vitajaa Jumanne ya mwezi wa pili, sio Desemba tu. Linataka maafisa wa uhamiaji wakae hapo kila siku, mafuta ya ndege yakuwe kwa bei inayoeleweka, na serikali iwape ruhusa hata kama shirika la taifa linataka abiria wote wapitie Nairobi. Hayo ni maswali ya kuchosha. Hakuna mtu anashangiliwa kwa mkutano akisema bei ya mafuta ya ndege. Lakini viti vya kujaza tuko navyo: wakimbiaji na makocha wao kila mwezi, wanafunzi, wasichana wanaoenda kazi Ghuba, familia za Minnesota na Texas, watu wa Kitale, Kakamega, Bungoma, Kapsabet, hata wale wa Uganda upande wa Mbale ambao Eldoret inawezekana ni karibu kuliko Entebbe. Hatujawahi hesabiwa pamoja, kwa sababu wote tunahesabiwa Nairobi kama abiria wa Nairobi.

Kwani hii ni mara ya kwanza magharibi kuomba? Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zinatua kwa ziwa pale Kisumu, njia ya kutoka London kwenda kusini mwa Afrika. Safari ilichukua siku kadhaa na abiria walilala njiani, lakini kituo kilikuwa Kisumu. Karibu miaka mia imepita, ndege zinaenda haraka mara nne, na mimi bado naamka saa tisa usiku kuwahi gari ya Nairobi.

Kwa hivyo ombi langu kwa nyinyi wenye kupost mistari myekundu ni ndogo. Wekeni mlango mpaka mlango. Andika: matatu, masaa ya kungoja, foleni ya pasipoti, kusimama Doha, barabara ya Timboroa. Mtu wenu akisema anakuja kwa mazishi ama harusi, msimuulize Google, mwambieni atume tiketi yenyewe kwa grupu, someni saa ya kutua Nairobi, muongeze masaa tisa ya barabara na foleni, ndio muite mtu wa tenti.

Na kwa wale wanaotaka kura yetu 2027, swali langu nimeshaliandika na nitaliuliza hata kama kipaza sauti mtanipokonya: wacha Amerika kwanza, ndege ya abiria ya Eldoret–Addis mtaileta mwaka gani, na nani amekaa chini na Ethiopian kuongea nao? Mkisikia mtu yeyote amejibu hiyo, hata kwa redio ya kijiji, nitagini.